Pumba Zimekwenda Wapi? Kuijua Nafaka Nzima, Kutoka Mashineni Hadi Sahanini

Mlangoni mwa mashine ninayosagia, huku kwetu Ngamiani mjini Tanga, siku nyingi kuna foleni mbili. Ya kwanza ni yetu sisi tuliobeba mahindi. Ya pili ni ya wafuga kuku, wamekuja na magunia matupu kununua pumba. Kwa miaka nilipita katikati ya foleni hizo bila kuzihusisha. Halafu siku moja nikapima. Mahindi kilo 10 niliyoyakoboa na kuyasaga yalinirudia sembe kilo 7 na nusu. Kilo mbili na ushei zilibaki pale pale, na kesho yake zikauzwa kwa watu wa ile foleni ya pili. Nimelipa kukoboa, nimelipa kusaga, na robo ya mahindi yangu wameila kuku wa mtu mwingine. Kuku wenyewe, ukiwaona, wamenawiri.

Tangu hapo kila unga, kila mkate na kila mfuko wa mchele naupelekea swali moja: pumba zimekwenda wapi, na kiini kiko wapi? Ukiweza kulijibu hilo, habari ya nafaka nzima umeimaliza zaidi ya nusu. Hatua zinazofuata ni za kukusaidia kulijibu, na kula jibu lake bila kulalamikiwa mezani.

Hatua ya 1: Pasua punje uione

Usianze kwa kusoma, anza kwa kikombe cha maji. Loweka punje kumi za mahindi usiku. Asubuhi chukua moja uimenye kwa ukucha. Ile ngozi ngumu inayong'aa, inayotoka kama utando, ndiyo inayogeuka pumba. Kisha ichane punje kwa urefu, kutoka kichwani hadi kwenye ncha iliyokuwa imeshikana na gunzi. Ndani utaona kitu kama ulimi mdogo, rangi yake tofauti na penginepo, laini, na ukikifinya kinaacha mafuta kidoleni. Hicho ni kiini. Ndicho kinachoota ukipanda. Chote kilichobaki, kinachojaza punje, ni wanga: akiba ya chakula ambayo mahindi yamejiwekea ili mche upate pa kuanzia.

Kwa uzito, katika kila gramu 100 za mahindi, wanga huchukua kama 82 au 83, kiini kama 11, na ngozi 5 au 6. Ngano ni vingine: kiini chake hakifiki 3, lakini maganda yake yanakaribia 15. Hesabu hizi zinaweza kukufanya useme, basi tumepoteza kidogo tu. Hapana. Wanga ni nguvu ya mwili, na si kitu kibaya. Lakini mafuta mazuri ya punje, vitamini E, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na madini mengi vimejazana katika kiini na katika tabaka za nje, na nyuzinyuzi nyingi zimo kwenye ngozi. Mafuta ya mahindi yanayouzwa dukani hukamuliwa kutoka kwenye kiini hicho hicho. Ndiyo maana pumba za mahindi ukizikamata na kuzifumba mkononi hushikana: zimebeba kiini, zimebeba na mafuta yake.

Nafaka nzima, basi, ni ile ambayo vitu vyote vitatu bado vimo kwa kiasi kile kile vilivyokuwamo shambani. Si lazima punje iwe nzima. Inaweza kuwa imeparazwa, imepondwa, imesagwa ikawa laini kama vumbi, na bado ikaitwa nafaka nzima, maadamu hakuna kilichotolewa.

Hatua ya 2: Yajue majina

Dona ni mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa. Sembe ni yaliyokobolewa kwanza. Hilo kila mtu analijua, lakini kati ya hayo mawili kuna njia nyingi. Kuna sembe ya kukobolewa mara moja, ambayo bado ina madoa ya kiini. Kuna ya kukobolewa mara mbili au tatu, nyeupe pepe, inayosifiwa kuwa ni supa. Kuna na ile ya wazee wetu, ambayo mahindi hukobolewa, yakalowekwa siku mbili tatu, yakaanikwa, ndipo yakasagwa. Ugali wake mlaini na unanukia, lakini maji ya kulowekea yameondoka na vitamini zinazoyeyuka.

Upande wa vyakula vyetu vya Pwani kuna mambo ya kuchekesha kidogo. Makande ya mahindi yasiyokobolewa ni nafaka nzima kamili, pamoja na maharage yake, na hakuna anayeyatangaza kama chakula cha afya. Mahindi ya kuchoma pale barabarani, nafaka nzima. Bisi, nafaka nzima. Bokoboko huwadanganya wengi, maana ngano yake inaonekana ni punje. Ila ngano ya bokoboko kwa kawaida imeshatwangwa ikavuliwa ganda, kwa hiyo ni nusu njia. Na bada, mahabubu wa watu wa Tanga, si nafaka kabisa: ni muhogo, yaani mzizi. Nalisema hili kwa sababu nimeshasikia mtu akishauriwa aache sembe, akahamia kwenye bada akidhani amepanda daraja. Muhogo mkavu ni wanga mwingi na protini kiduchu sana. Kula kwa raha yako na mchuzi wa papa, lakini usiuhesabie hapa.

Hatua ya 3: Jua ulichokiacha mashineni

Majedwali ya chakula yanatoa picha hii kwa gramu 100 za unga wa mahindi mkavu. Wa nafaka nzima una nyuzinyuzi kama gramu 7; uliotolewa kiini na ngozi una kama 4. Magnesi hushuka kutoka miligramu 127 hadi 32. Madini ya chuma kutoka 3 na nusu hadi moja na kidogo. Vitamini B1 hushuka hata chini ya nusu. Nguvu, yaani kalori, hubaki karibu sawa. Maana yake mtu wa sembe na mtu wa dona wote wanashiba na wote wanaweza kunenepa. Tofauti iko katika vile vinavyosindikiza wanga.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 anatosheka na 15, wa 6 hadi 9 anahitaji 21. Tujaribu hesabu ya siku moja ya kawaida. Ugali uliotumia gramu 150 za unga wa dona: kama 11. Kikombe cha maharage yaliyoiva: kama 11 tena. Chungwa moja la Muheza, usilikamue, lile na nyama yake: 3. Tumeshafika 25 na mboga za majani hatujazigusa. Badilisha dona kwa sembe, nyama ya kukaanga badala ya maharage, na juisi badala ya chungwa, uone unabaki na nini. Sahani mbili hizo kwa macho zinashibisha sawasawa.

Nyuzinyuzi hazisagwi na tumbo letu, na kazi yake iko humo humo. Hufanya choo kiwe laini na kipite kwa wakati, huwalisha bakteria wazuri wa utumbo mpana, na hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Tafiti za muda mrefu katika nchi mbalimbali zimekuwa zikiona kwamba walaji wa nafaka nzima hupata kwa nadra zaidi maradhi ya moyo, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana.

Haki pia itendeke kwa sembe ya kiwandani. Kanuni za mwaka 2011 hapa Tanzania zinataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe virutubishi, yakiwemo madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Kwa hiyo mfuko wenye alama hiyo umerudishiwa baadhi ya vitu. Nyuzinyuzi haukurudishiwa, wala magnesi. Kwa upande mwingine, dona la mashine ya mtaani halina kilichoongezwa. Mjamzito asiache vidonge vya kliniki ati kwa kuwa anakula dona.

Hatua ya 4: Chagua mahindi kana kwamba utayala maganda yake, maana utayala

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo ushauri wa "kula dona" unapoweza kumdhuru mtu.

Mahindi yaliyovunwa na unyevu, au yaliyolala chini kwenye udongo, au yaliyohifadhiwa kwenye joto na fukuto kama la mji wetu, huota kuvu. Baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu, na iliyo mbaya kuliko zote ni aflatoksini, ambayo huharibu ini na kwa muda mrefu huleta saratani yake. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumu hii: watu zaidi ya 60 waliugua na karibu 20 walikufa. Sumu yenyewe haifi kwa kupikwa. Chemsha, choma, kaanga, bado ipo. Na katika punje hukusanyika zaidi kwenye ngozi na kiini, vitu vile vile tunavyovisifu. Ndiyo kusema, dona la mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe ya mahindi hayo hayo. Anayekwambia dona ni bora siku zote, bila kukuuliza mahindi umeyatoa wapi, hajamaliza kusema.

Basi, ukifika Mgandini au soko lolote, usiulize bei kwanza. Tumbukiza mkono hadi katikati ya gunia, si juu. Mahindi makavu ni baridi mkononi na yanateleza. Mabichi yana joto na yanang'ang'ania. Nusa. Harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu ni harufu ya kuvu. Uma punje moja: kavu inapasuka kwa mlio, yenye maji inabonyea. Mwaga kiganja kimoja kwenye karatasi nyeupe, utafute punje za kijani, za kijivu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi kwenye ncha, na zilizotobolewa na wadudu, maana tundu la fukusi ni mlango wa kuvu. Mwenye gunia zuri hatakasirika. Anayekasirika umeshapata jibu lako.

Nyumbani kuna kipimo cha chumvi, nacho hakina gharama. Tafuta chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia mahindi hadi theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Isipoganda, uko salama kidogo. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi asilimia 13 na nusu hivi. Tahadhari ya watu wa Pwani: chumvi yetu yenyewe inalowa hewani. Ikaushe kwanza kwenye kikaango, la sivyo utayasingizia mahindi makosa ya chumvi.

Kisha chambua. Kaa na ungo, pepeta, toa kila punje unayoitilia shaka. Kazi hii inachosha na inapunguza sumu kwa kiasi kikubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu mara nyingi sumu nyingi imo katika punje chache. Ulizozitoa usiwape kuku wala ng'ombe: sumu hurudi kupitia mayai na maziwa. Zifukie.

Mahindi yetu mengi hushuka kutoka Handeni na Kilindi, na mengine hutoka mbali zaidi, mpaka Kibaigwa kule Kongwa. Wakati mzuri wa kununua ya miezi kadhaa ni baada ya mavuno kukauka vizuri juani, kabla ya mvua za vuli. Ukiweka, weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Fukusi na dumuzi (yule ambaye wazee wengine bado wanamwita Scania) hufa kwa kukosa pumzi, na huhitaji dawa. Gunia lisigusane na ukuta wala sakafu.

Hatua ya 5: Mashineni, sema mapema

Kijana wa mashine atakuuliza, "Mama, nikoboe?" kwa namna ambayo jibu lake tayari ni ndiyo. Mara mbili mahindi yangu yameingia kwenye kinu cha kukoboa nikiwa bado natafuta chenji. Kwa hiyo sema kabla hujaitua debe kichwani: "Sikoboi, saga dona." Simama karibu.

Yaoshe mahindi nyumbani haraka haraka na uyaanike yakauke kabisa kabla ya kwenda. Sembe huvuliwa uchafu pamoja na ngozi. Dona huenda na vumbi lake lote. Uliza pia mashine imetoka kusaga nini. Ikiwa imetoka kwenye muhogo au kwenye karanga, kilo ya kwanza ya unga wako itakuwa na ugeni. Uliza kama chekeche lililofungwa ni la matundu madogo: dona lililosagwa kwa matundu makubwa ndilo lililowafanya watu waliosoma bweni walichukie maisha yao yote. Ukipenda laini, waombe waupitishe mara ya pili. Ukifika nyumbani pitisha sumaku juu ya unga uliotandazwa. Nyundo za mashine zikichakaa huacha vumbi la chuma, na hilo si lile madini ya chuma niliyokuwa nikilisifu.

Unga ukiwa wa moto usiufunge. Tandaza kwenye mkeka safi upoe, ndipo utie chomboni. Na saga kidogo: unga wa wiki mbili, ukizidi sana mwezi. Mafuta ya kiini, punje ikishapasuliwa, hukutana na hewa na kuanza kuharibika, na joto la Tanga linayaharakisha. Ukiuonja unga mkavu ukakuta uchungu nyuma ya ulimi, umekwisha. Sembe hukaa miezi kwa sababu moja tu: chenye kuharibika kimeshatolewa. Hii ndiyo faida kubwa ya muuzaji katika kukoboa, na haitajwi kwenye mfuko.

Hatua ya 6: Songa ugali watu waule

Dona hunywa maji mengi na hutaka muda. Kwa vikombe 2 vya unga mimi huanza na vikombe 5 vya maji. Koroga unga kiasi katika maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, acha uji uchemke dakika 8 hadi 10 ukikoroga; hapa ndipo wengi wanapofanya haraka, ugali ukatoka na ladha ya unga mbichi. Ongeza unga kidogo kidogo, songa, punguza moto, funika dakika tano, songa tena. Utakuwa na rangi ya krimu au kijivujivu na harufu ya mahindi ya kuchoma kwa mbali.

Kama nyumbani kuna mzee aliyezoea sembe nyeupe tangu ujana, usimshtukize. Changanya kibaba kimoja cha dona na vitatu vya sembe. Baada ya wiki mbili fanya nusu kwa nusu. Tumbo nalo linahitaji kuzoea. Nyuzinyuzi zikiingia kwa ghafla huleta gesi na kuvimbiwa, na bila maji ya kunywa ya kutosha zinaweza hata kufunga choo badala ya kukifungua. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni kibaba kweli.

Hatua ya 7: Ulezi, mtama, uwele, na ujanja wa kimea

Hizi tatu zina bahati moja: punje zake ni ndogo na mara nyingi husagwa nzima. Ulezi hauna mpinzani kwa kalsiamu, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100 za unga, ambapo maziwa ya ng'ombe yana kama 120. Usizichukulie hizo namba kama zilivyo, lakini. Kikombe cha uji kina unga wa vijiko vichache tu, na kalsiamu ya ulezi haifyonzwi vizuri kama ya maziwa. Mtama mwekundu una ukakasi ambao ndege wenyewe wanaukwepa, nao hushika protini isisagike vizuri. Kwa ugali chagua mweupe. Ulezi uoshe kwa kuumimina kutoka bakuli moja hadi jingine, mchanga utabaki chini. Usiposhughulika utausikia menoni.

Kinachozuia madini ya nafaka nzima kufyonzwa ni kitu kiitwacho fiteti, kilicho kwenye ngozi na kiini, ambacho hukamata chuma, zinki na kalsiamu. Bibi zetu walikuwa wanakishinda bila kukijua jina. Njia ya kwanza ni kuchachusha: vuruga unga wa uji na maji, funika siku moja au mbili mpaka upate uchachu, kisha pika. Njia ya pili ni kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funga kwenye kitambaa kilicholowana mahali penye kivuli, uusuuze kwa maji safi asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu utakuwa umechipua. Anika ukauke kabisa, sugua machipukizi yatoke, pepeta, saga. Ukitumia mtama kwa kimea, kuondoa machipukizi na mizizi ni lazima, kwa kuwa yana sumu ya sayanidi.

Kimea kina kazi nyingine ambayo kila mama wa mtoto mchanga angependa kuiona kwa macho. Pika uji mzito, mzito hasa, uache upungue moto mpaka usiunguze ulimi sana, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika chache uji unalegea na kuwa wa kunyweka, na unga wote bado umo. Uchemshe tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo; uji mwepesi wa kawaida humjaza maji. Kwa umri huo pia usikazanie pumba nyingi. Muongezee karanga safi iliyosagwa, dagaa waliopondwa, yai.

Na unga wa lishe wenye vitu kumi na viwili ndani ya mfuko mmoja? Mimi siununui. Karanga na soya zikisagwa pamoja na nafaka hufupisha maisha ya unga, na karanga moja mbovu huwezi kuiona tena. Saga nafaka peke yake, ongeza vingine sufuriani.

Jambo dogo kwa wapenda chai: chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzaji wa chuma. Isogeze mbele saa moja, na juu ya mboga kamua ndimu, ambayo hufanya kinyume chake.

Hatua ya 8: Mchele

Mwishoni mwa karne ya 19 huko Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wake wakilegea miguu na kushindwa kusimama, kama wagonjwa wa beriberi aliokuwa anawachunguza. Kisha wakapona wenyewe. Alipofuatilia akagundua kwamba walikuwa wakilishwa masalio ya wali mweupe wa hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa wali wa jeshi kuliwa na kuku wa kiraia, wakarudishiwa mchele usiokobolewa vizuri. Kilichokosekana, kilichokuja kuitwa vitamini B1, kilikuwa kwenye pumba. Mwaka 1929 Eijkman alipewa sehemu ya tuzo ya Nobel. Kwa mara nyingine, kuku ndio waliokuwa na habari.

Mchele wa kahawia, yaani mpunga uliotolewa kapi tu, ni nadra kwenye masoko yetu na madukani huuzwa ghali. Ukiwa na mtu anayelima mpunga upande wa Korogwe, mwombe akukobolee mara moja tu bila kung'arisha. Uloweke saa moja au zaidi, ongeza maji, na upike karibu mara mbili ya muda wa kawaida. Sitakudanganya kwamba pilau yake ni ile ile. Mimi nautumia kwa mseto wa choroko, na pilau ya sikukuu naiacha na mchele wake mweupe.

Hatua ya 9: Mkate na chapati

Rangi si ushahidi. Mkate wa kahawia unaweza kuwa wa unga mweupe uliotiwa rangi ya sukari iliyounguzwa. Geuza mfuko usome orodha: viambato hupangwa kwa uzito, kikubwa kwanza. Ngano nzima isipotajwa mwanzo, umenunua rangi. Mkate wa boflo wa asubuhi hauna haja ya kuulizwa.

Kwa chapati, nunua unga wa ata, yaani wa ngano nzima, kwenye maduka ya Wahindi mjini, ila soma mfuko kwanza, maana baadhi umechekechwa. Changanya nusu kwa nusu na mweupe, ongeza maji kidogo, uache donge lipumzike nusu saa lifunikwe. Pumba hunywa maji polepole. Usipolipumzisha chapati zitakuwa ngumu na utailaumu ngano.

Hatua ya 10: Kiasi

Mgonjwa wa kisukari akishaambiwa dona, wengine husikia "kadiri utakavyo". Dona ni wanga bado. Mlima wa ugali wa dona utapandisha sukari kuliko kijilima cha sembe. Gawa sahani: nusu mboga za majani na kachumbari, robo samaki au maharage, robo ugali. Robo, na mwiko usirudi. Mwenye maradhi ya figo aulize daktari wake kwanza, kwa sababu nafaka nzima ina fosforasi na potasiamu zaidi.

Kwa watoto wanaotoka shule na njaa, weka sufuria yenye mfuniko, kijiko kimoja cha mafuta, nusu kikombe cha mahindi ya bisi. Moto wa wastani, tikisa, subiri milio ipungue. Chumvi kidogo tu.